Mobeni: Mlima mfupi unaosubiriwa na waendesha baiskeli wa Jumapili

DURBAN, Afrika Kusini

Ukitaja baiskeli mjini Durban, jibu la kwanza utakalopata ni Amashova. Ndiyo mbio kubwa ya baiskeli ya mji huu. Hufanyika mwezi Oktoba, huanzia Pietermaritzburg na kumalizikia Durban baada ya kilomita 106, na jina lake limetokana na neno la Kizulu la kukanyaga pedali. Maelfu ya watu wa kawaida hujiandikisha: walimu, mafundi, wauza duka na wastaafu. Safari hiyo kwa jumla huteremka kuelekea baharini, lakini asiyeijua asidanganyike. Kabla ya kuionja bahari lazima upite Inchanga na Botha's Hill, vilima ambavyo wakimbiaji wa mbio za Comrades wamekuwa wakivilaani tangu mwaka 1921.

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, safari hii hatutaki kuwaletea habari za kilomita 106. Tunataka kuwaeleza juu ya jambo dogo zaidi, ambalo kwa sisi tunaoishi kusini mwa mji huu limeanza kukosesha watu usingizi: mlima wa Mobeni.

Mobeni ni eneo la viwanda lililo kati ya Clairwood na Merebank. Jina lenyewe ni la Kizulu na maana yake ni penye miwa. Mzulu husema umoba, sisi tunasema muwa, na hata asiyekuwa mtaalamu wa lugha atasikia undugu uliopo. Miwa sasa haipo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, eneo hilo la tambarare lilijengwa viwanda na maghala, na leo hii malori ya kwenda na kutoka bandarini ndiyo mazao yake. Lakini ukivuka barabara kuu ya N2 kuelekea magharibi, ardhi inainuka ghafla. Huko juu ndiko kuna mtaa wa makazi wa Mobeni Heights, na mbele yake ni Chatsworth. Kati ya tambarare na mtaa huo kuna vipande vya barabara ambavyo mwenye gari havioni kabisa, bali mwenye baiskeli huvikumbuka hata usiku akiwa kitandani.

Sisi ni kikundi kidogo tu. Tunatoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na kinachotuunganisha ni Kiswahili na baiskeli, nyingi zikiwa za mitumba. Jumapili asubuhi ndiyo siku yetu, kwa sababu malori ni machache na wengi wetu hatuna siku nyingine. Tumekubaliana kwamba Jumapili moja kabla ya Amashova kila mmoja ataupanda mlima huo peke yake, saa mkononi, kutoka chini hadi juu, bila kupumzika na bila kushuka. Mwenye muda mfupi kuliko wengine atalipiwa chai na chapati. Basi.

Tuseme wazi kwamba haya si mashindano rasmi. Sheria za usalama barabarani za Afrika Kusini haziruhusu mbio kwenye barabara ya umma bila kibali, na barabara haitafungwa kwa ajili yetu. Kila mtu atapanda kwa upande wake wa kushoto kama msafiri mwingine yeyote, akiwa na helmeti, ambayo hapa nayo ni lazima kisheria. Wapo miongoni mwetu wanaotaka tuombe kibali ili mwakani iwe shughuli ya kweli yenye namba mgongoni. Wengine wanasema fomu zitaua raha. Mjadala huo bado haujakwisha, na maoni yetu ni kwamba wa kwanza wana haki zaidi, ila wasitarajie kibali hicho kupatikana upesi.

Kwa nini mlima mfupi utie watu hofu kuliko safari ndefu? Jibu liko kwenye hesabu. Chukua kilima cha mita 600 kinachopanda mita 60 kwenda juu. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 87, na akitaka kufika kwa dakika 3, miguu yake lazima itoe takriban wati 285 kwa ajili ya kuupandisha uzito huo tu, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Mtu asiye na mazoezi hawezi kuzitoa kwa dakika 3. Mwenye mazoezi anaweza, lakini atalipa. Ongeza kilo 10, yaani badala ya baiskeli nyepesi upande ile ya chuma tunayoiita Black Mamba huko Kenya, na kwa nguvu zilezile utachelewa kwa sekunde 20 hivi. Kwenye tambarare kilo hizo usingezihisi sana.

Jambo jingine ni ulaghai wa mwanzo. Nusu dakika ya kwanza mwili hukopesha nguvu bila kudai riba, na mpandaji hujiona simba. Deni huja katikati ya mlima, pale mapaja yanapowaka na pumzi inapokatika. Waliozoea huanza polepole kuliko wanavyotamani, wakabadilisha gia mapema kabla mnyororo haujabanwa na uzito, na hawainui macho kutazama kilele. Wasiozoea hushuka na kusukuma, huku watoto wa mtaani wakiwahesabia hatua.

Ndugu yetu mmoja wa kutoka Bukavu haoni sababu ya makelele yote haya. "Kwetu hata kwenda sokoni ni mlima," anasema. Anafanya kazi ya ulinzi wa usiku, anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na kuja moja kwa moja na baiskeli anayoendea kazini, yenye taa, kapu na kila kitu. Muda wake wa mazoezi ndio unaoongoza hadi sasa. Dada yetu wa Mombasa, kwa upande wake, anakiri kwamba alipokuwa nyumbani mlima aliokuwa akiujua ni daraja la Nyali. Amekuwa akipunguza sekunde chache kila wiki na hataki kumwambia mtu amefikia ngapi.

Mchezo huu wa kupanda kilima kifupi si mpya duniani. Huko Uingereza klabu ya Catford ya London imekuwa ikiandaa mbio zake za kilimani tangu mwaka 1887, na siku hizi hufanyika Yorks Hill, Kent, kila Oktoba. Waingereza wana wazimu wao: wengine hutoboa matundu kwenye usukani ili kupunguza gramu chache. Wasomaji wetu walioko Pittsburgh, Marekani, bila shaka wamesikia juu ya Dirty Dozen, iliyoanza mwaka 1983, ambapo watu hupanda vilima 13 vya mjini kwa siku moja, kimojawapo kikiwa Canton Avenue chenye mwinuko wa asilimia 37. Hapo hata kusimama kwa miguu ni kazi.

Lakini mfano unaotugusa sisi uko karibu zaidi na nyumbani. Septemba 2025 mji wa Kigali ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5. Tadej Pogačar wa Slovenia alianza kushambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 na kushinda, na katika wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Siku hiyo walipita pia kwenye mlima wa mawe ambao waandishi wa kigeni wanauita Ukuta wa Kigali. Wenyeji wanauita Kwa Mutwe. Ni mita 400 hivi zenye mwinuko wa asilimia 11, uko jirani na Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili husikika tangu zamani, na kwenye kingo zake watu walijaa hadi juu ya kuta za nyumba. Ndugu zetu wa Burundi hapa Durban waliutazama kwenye simu. Wazo la Mobeni lilizaliwa wiki hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba Waafrika Mashariki wamewahi kupeleka saa kwenye milima ya wengine. Mwaka 2008 Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa na mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, kupimwa kwenye Alpe d'Huez. Nderi alipanda kwa takriban dakika 42, muda ambao kwa mtu asiyelelewa kwenye mchezo huo uliwashangaza wengi. Chris Froome, mshindi mara nne wa Tour de France, alizaliwa Nairobi, akafundishwa baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, kisha akasoma shule hapa Afrika Kusini. Huwa tunatajiana majina hayo tukiwa chini ya mlima, labda zaidi ya inavyopaswa.

Sasa tuseme yanayotutia wasiwasi, maana yapo. La kwanza ni magari. Tarehe 3 Januari 2013 Burry Stander, mwendesha baiskeli wa Afrika Kusini aliyeshika nafasi ya tano katika Olimpiki ya London, aligongwa na teksi ya abiria akiwa mazoezini Shelly Beach, kwenye pwani hiihii ya kusini. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kama bingwa aliyeijua barabara hiyo hakusalimika, sisi wa baiskeli za mitumba tujilinde zaidi. Septemba ya mwaka huohuo lori lililoshindwa kusimama liliteremka Field's Hill, Pinetown, na kuua watu 24. Ndiyo maana tumekubaliana kwamba kurudi chini hakutahesabiwa muda. Atakayeteremka kwa kasi chai yake ameipoteza.

La pili ni hewa. Kusini mwa Durban kulikuwa na viwanda viwili vya kusafishia mafuta, cha Engen na cha Sapref. Kile cha Engen kilipata mlipuko Desemba 2020 na hakikurudi kusafisha mafuta, na cha Sapref kilisimamisha kazi mwaka 2022. Lakini wakazi wa Merebank na Wentworth wamelalamikia moshi kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika shule ya msingi ya Settlers, Merebank, uliwakuta zaidi ya nusu ya watoto wakiwa na dalili za pumu. Mmoja wa vijana tunaopanda nao alikulia hapo. Huja na kipulizio mfukoni, hupanda mlima hadi mwisho, hukaa kwenye ukingo wa barabara dakika kumi, kisha hutaka kurudia. Yeye haongelei ushindi. Anasema anataka kujua kifua chake kinafika wapi.

La tatu hulizungumza kwa sauti ya chini. Aprili 2015 ghasia dhidi ya wageni zilianzia Isipingo, kilomita chache tu kusini ya Mobeni, na mamia ya Wakongo, Warundi na Wamalawi walilala kwenye mahema, mojawapo ya kambi ikiwa Chatsworth. Wawili kati yetu walikuwa kwenye mahema hayo. Kwa hiyo kikundi cha wageni kinapokusanyika barabarani alfajiri, huwa tunafikiri mara mbili. Jambo la kutia moyo ni kwamba Jumapili za karibuni wakazi wa Mobeni Heights wameanza kutusubiri. Bibi mmoja Mhindi hutoa maji ya kunywa nje ya geti lake, na mzee mwingine amejipa kazi ya kupiga kengele ya mlangoni kila mtu anapopita.

Tena hatukuwa wa kwanza. Wengi wa wasomaji wetu huenda hawajui kwamba Chatsworth wanaishi watu wanaoitwa Wazanzibari. Mababu zao waliokolewa na manowari za Uingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, wakapewa jina la Zanzibar kwa kuwa walipitia huko. Waliishi King's Rest, kwenye Bluff, karibu na bahari, hadi serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Mtu akiwa juu ya Mobeni Heights huwa yuko kati ya makazi yao ya zamani na ya sasa.

Kilichobaki ni mpangilio wa kuanza. Utaratibu wa kawaida wa mbio hizi ni mmoja baada ya mwingine, kila baada ya dakika moja, wenye kasi wakiwa mwisho. Mlinzi wetu wa Bukavu ameomba aanze wa kwanza ili akalale. Kijana wa Merebank ataanza wa tatu. Dada wa Mombasa ameomba awe wa mwisho, na alipoulizwa sababu alicheka tu na kuendelea kupaka mnyororo wake mafuta.