Joto na Halijoto: Fundisho la Mhandisi Mpya

Kituo cha umeme cha Olkaria, karibu na Naivasha, kilianza kazi mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15 unaoendeshwa na mvuke utokao ardhini. Mhandisi aliyehitimu karibuni afikapo mahali kama hapo huwa na milinganyo yote kichwani. Kinachomtatiza ni mawingu meupe juu ya minara ya kupozea: mbona joto jingi hivyo latupwa hewani?

Sehemu ya tatizo ni lugha. Katika mazungumzo ya kila siku neno "joto" hubeba maana mbili. Chai ya kikombeni na ya birika iliyomiminwa humo zina halijoto moja, lakini birika laweza kutoa joto jingi zaidi. Halijoto ni kiwango. Joto ni nishati ihamayo kutoka penye kiwango cha juu kwenda cha chini. Pasipo tofauti ya viwango, hakuna kazi itendekayo.

Mfaransa Sadi Carnot alilieleza jambo hili mwaka 1824. Mvuke ukiingia kwa nyuzi 150 za Selsiasi na kupozwa kwa nyuzi 40, hata mtambo usio na kasoro yoyote hugeuza asilimia 26 tu ya joto kuwa kazi. Kusema kwamba salio "limepotea", kama wengi wasemavyo, ni kupotosha: hilo ndilo sharti la mtambo kuzunguka. Na usiku wa baridi, kipozeo kipoapo zaidi, mvuke uleule hutoa umeme mwingi kuliko mchana.