ANKARA YA MAJI: INAVYOPANDA NA NAMNA YA KUJIKINGA NA DENI

Kaya nyingi za Unguja na Pemba zinalalamika kwamba ankara za maji zimekuwa mzigo usiobebeka. Maelezo haya yanakusudia kuwafahamisha wananchi gharama hiyo inatokana na nini, na hatua gani mwenye nyumba anaweza kuzichukua kabla ya deni kumzidi.

Maji ya mfereji si jambo geni Zanzibar. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyafikisha mjini kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, huduma hiyo ilitolewa kwa miaka mingi bila ya malipo. Sheria ya Maji Nambari 4 ya mwaka 2006 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), na mtumiaji akaanza kuchangia. Si ajabu, basi, kwamba wazee wengi bado wanaiona ankara kuwa ni jambo la ugeni.

Ieleweke kwamba visiwa hivi havina mito mikubwa. Sehemu kubwa ya maji hutoka chini ya ardhi na huvutwa kwa pampu za umeme, na umeme wenyewe hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari: Unguja tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Wananchi wa Unguja wanakumbuka kwamba umeme ulipokatika kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mifereji nayo ilikauka. Kwa hivyo kila ndoo inayofika nyumbani imekwisha kugharimu umeme, pampu na matengenezo.

Ankara ya mwenye mita hupanda kwa sababu mbili: bei na kiasi. Bei haimo mikononi mwa mwenye nyumba. Dhamana ya kuidhibiti ni ya ZURA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya mwaka 2013. Kiasi, hata hivyo, kimo mikononi mwake. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo mbili kwa siku, hutumia uniti 7.2 kwa siku 30. Mfereji unaovuja ndoo moja tu kwa kila saa hupoteza uniti 14.4 kwa muda huo huo. Yaani familia hiyo italipia maji yaliyopotea mara mbili ya yale iliyoyatumia.

Njia ya kugundua uvujaji ni nyepesi. Usiku, watu wanapokwenda kulala, mifereji yote ifungwe na tangi lisiwe linajaa, kisha tarakimu za mita ziandikwe. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kutia udhu, zisomwe tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea, na fundi aitwe mara moja. Aidha, tarakimu hizo zilinganishwe na zile zilizoandikwa katika ankara. Zikihitilafiana, mteja apeleke malalamiko akiwa na maandishi yake mkononi.

Nyumba zenye wapangaji wengi na mita moja zinahitaji uangalifu zaidi. Kugawa ankara sawasawa kwa vyumba humwonea mjane anayeishi peke yake na kumpunguzia mwenye watu wanane. Ni uadilifu zaidi kugawa kwa idadi ya watu.

Hatimaye, aliyeshindwa kulipa asikae kimya. Deni la mwezi mmoja huzungumzika. La mwaka mzima huvunja moyo. Ni bora afike mapema katika ofisi ya maji kuomba kulipa kidogo kidogo, na ashikilie stakabadhi za kila alicholipa. Familia iliyokatiwa maji haiachi kuyahitaji: hununua madumu ya mikokoteni, au hurudi katika visima visivyo salama. Kipindupindu, kilichoingia Zanzibar tangu karne ya 19 na kurejea mara kadhaa baadaye, hupita njia hiyo hiyo. Kuilinda kaya isikatiwe maji, basi, ni kuilinda pia afya ya jirani zake.