Kilo tano kwa wiki? Hayo ni maji

Chai ya kupunguza tumbo haihitaji duka la dawa ili ifike Mayoni, Kakamega. Tangazo la WhatsApp na mwanabodaboda vinatosha. Ahadi ni ileile: kilo tano kwa wiki. Na mizani hushuka kweli, ndiyo maana wanunuzi hawaishi.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takribani gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na viazi vitamu ghafla, akiba huisha, maji hutoka, mafuta yanabaki. Sena, jani linalotiwa katika nyingi ya chai hizi, huharisha tu. Potasiamu nayo hutoka, na ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika.

Baya zaidi ni lisiloandikwa. Bidhaa za "miti shamba" zimewahi kukutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo neno "asilia" kwenye pakiti halinitulizi hata kidogo. Kukonda kwa kasi pia huweza kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo.

Haja yenyewe ya kupunguza uzani ni ya kweli. Tafiti za kitaifa nchini Kenya zilionyesha wanawake wenye uzani uliozidi wakiongezeka kutoka asilimia 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014.

Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ugali hauna kosa, tatizo ni ukubwa wa kipande. Mrenda, kunde au saga vijaze nusu ya sahani, ugali robo, omena au maharagwe robo. Kisha tutazame kikombe, maana huku kwenye miwa chai isiyokolea sukari huonekana uchoyo. Vijiko vitatu mara vikombe vinne ni karibu gramu 50, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Soda bado hujainywa.

Anayepalilia miwa kwa jembe ameshafanya mazoezi. Anayeshinda dukani ndiye atembee.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mizani na mashine za kupima presha mwaka 2023, basi waulizeni. Mjamzito asijaribu kujikondesha. Anayetumia dawa za kisukari aende kwanza kliniki, kwani mlo ukipungua, huenda dozi nayo ikahitaji kupunguzwa.