Mataruma ya zege: siri ya nyaya zinazobeba treni

ABIRIA wanaosafiri kwa reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari zilizoanza mwaka 2024, hupita juu ya maelfu ya mataruma ya zege bila kuyatupia jicho. Hata hivyo, usalama wao umelala juu ya mataruma hayo.

Taruma lina kazi kuu mbili: kuzishika reli zisiachane, na kuupokea uzito wa treni ili kuusambaza kwenye kokoto. SGR ya Tanzania imesanifiwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli, yaani tani 17.5 kwa kila gurudumu. Mataruma hupangwa kwa umbali wa takriban sentimita 60, hivyo lile lililo chini ya gurudumu hubeba karibu nusu ya mzigo, na unaobaki huenda kwa majirani zake. Gurudumu likiwa limelika upande mmoja, kishindo chake huweza kuuongeza mzigo huo maradufu.

Kwa tabia yake, zege huhimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa huwa na takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hizo. Reli inapolikandamiza taruma, upande wa chini huvutwa. Zege tupu lingepasuka.

Ili kuepusha hilo, kiwandani nyaya za chuma kigumu huvutwa kwa mashine ndani ya kalibu kabla ya zege kumiminwa. Zege likikomaa, nyaya huachiwa. Zinapojaribu kurudi katika urefu wake wa awali, hulibana zege kutoka ndani. Treni inapopita, uzito wake hulazimika kwanza kuumaliza mbano huo ndipo uanze kulivuta zege.

Hatari nyingine ipo katikati ya taruma. Kokoto zilizo chini ya reli zikisagika na kutitia, taruma hubaki limeegemea katikati mithili ya mizani. Ncha zake hushuka, na safari hii upande wa juu ndio unaovutwa. Kwa sababu hiyo wasanifu huipunguza kimo sehemu ya katikati, na mafundi wa njia hushindilia zaidi kokoto zilizo chini ya reli kuliko za katikati.

Maji nayo ni adui. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliisomba njia ya Reli ya Kati na kukatisha safari. Udongo ukichukuliwa na kokoto zikaondoka, taruma hubaki likining'inia, liwe imara kiasi gani.

Taruma lililotengenezwa vema hutarajiwa kudumu takriban miaka 50. Umri huo hukadiriwa kwa sharti kwamba kokoto zitashindiliwa na mitaro itazibuliwa. Fedha za matengenezo zikikatwa, hesabu ya msanifu nayo huwa imevunjwa, hata kama zege bado halijaonyesha ufa.