Chupa ya Mafuta Haifungui Kizazi

Mwanamke akikosa siku zake miezi mitatu minne, na mimba haipo, hakosi wa kumwambia kwamba kizazi kimefunga. Hapo huuziwa mafuta ya kukifungua: ya habasoda, ya kitani au ya nyonyo. Juma hili tuitazame biashara hiyo, maana yapo maji ya moto ndani yake: fedha hupotea, muda hupotea, na ndoa nyingine huvunjika.

Mara nyingi yai ndilo halikupevuka. Sababu kubwa ya hali hiyo ni maradhi ambayo Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago, waliyaeleza mwaka 1935. Ovari hujaa vifuko vidogo vya mayai machanga, homoni za kiume huzidi, hedhi hupotea, ndevu na chunusi huota. Kwa wengi, mwili pia hauitikii vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja hivi katika kila kumi wa umri wa kuzaa anayo, na hadi 70 katika kila 100 wenye nayo hawajui.

Je, mafuta husaidia? Ya kitani na ya habasoda yamejaribiwa, mara nyingi kwa panya, na kwa wanawake wachache kwa muda mfupi. Baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu kidogo katika insulini na mafuta ya damu. Hayajathibitisha kuwa yanaleta mimba.

Muuzaji atasema, hata yasipoponya hayadhuru, ni mimea tu. Watu wa Shinyanga, wakulima wa pamba, wasikilize hili. Miaka ya 1950 huko China, vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba vilikosa watoto. Kiini chake, gosipoli, kilijaribiwa miaka ya 1970 kwa wanaume zaidi ya 8,000 kama dawa ya kupanga uzazi, kikaachwa baadaye kwa sababu wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani huondolewa sumu hiyo. Lakini funzo linabaki: mmea unaweza kufunga uzazi pia. Nayo nyonyo huharisha, na huweza kuchochea uchungu kwa mjamzito.

Basi mama wa Mwakitolyo, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, afanye nini? Aende hospitali apimwe mimba, homoni na sukari, na ovari zitazamwe kwa ultrasaundi. Mumewe naye apimwe, kwani ugumba si wa mwanamke peke yake. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata sehemu 5 katika 100, hedhi huweza kurudi. Daktari ataona kama inafaa metformini, au letrozoli ya kupevusha yai. Akae kimya miaka bila hedhi na bila tiba, ukuta wa kizazi hunenepa, na hatari ya saratani huongezeka.

Mafuta ya alizeti yabaki jikoni, ni chakula chema. Machimboni hakuna anayenunua mawe kwa sifa; sampuli hutwangwa kwanza, ikaoshwa, dhahabu ikaonekana. Anayekuuzia chupa ya kufungua kizazi, mdai hiyo sampuli.