Ujumbe wa kuacha pombe unaovuka mpaka bila ushuru

Anayefanya biashara Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo anaijua jioni ambayo mzigo umekwama. Wakala wa forodha amesema kesho, dereva amelala chini ya lori, chumba cha gesti kina joto, na mlango wa pili ni baa. Kinywaji cha bei nafuu hubadilika jina tu kadiri unavyovuka: chang'aa Kenya, gongo Tanzania, waragi Uganda, kanyanga Rwanda. Wapo wanaokunywa chupa mbili wakalala. Wapo pia ambao mtaji wa safari huishia pale pale, wanaapa kuacha, na safari ijayo mambo ni yale yale.

Jioni inayofanana na hiyo ndiyo iliyozaa Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, kwa shughuli iliyokwisha kushindikana. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Katika ukumbi wa hoteli alisikia vicheko kutoka baa. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Hakutafuta mtu wa kumwombea. Alitaka aelekezwe kwa mlevi mwingine, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hapati hamu ya kunywa. Simu hiyo ilimfikisha kwa Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji, aliyekubali kumsikiliza kwa dakika 15. Walikaa saa nyingi. Juni 10 mwaka huo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, na ushirika huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake.

Hadithi hii inajibu swali ambalo mfanyabiashara yeyote atamuuliza mtu anayemjia na karatasi ya bure: wewe unapata nini? Mwanachama anayejitolea kuueleza ushirika hospitalini, kituo cha polisi, shuleni au kwa chama cha madereva anapata siku moja zaidi bila pombe. Halipwi kwa kazi hiyo wala hapati kamisheni kwa kila anayemleta.

Fedha ndizo zinazowashangaza wengi. Hakuna kiingilio wala ada. Kwenye mikutano kofia hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na asiye na kitu haombwi. Misaada kutoka nje ya ushirika haipokelewi. Mwanzoni waasisi waliomba fedha nyingi kwa tajiri John D. Rockefeller mdogo. Akatoa dola 5,000 tu mwaka 1938, kwa hofu kwamba fedha zingeliharibu jambo lenyewe. Sisi tuliozoea miradi inayokufa mfadhili anapoondoka tunaweza kumwelewa.

Majina nayo yana utaratibu wake. Kwenye magazeti, redio na filamu, mwanachama hatoi jina kamili wala sura yake, na ushirika haujipigii debe. Kazi ni kueleza upo wapi na unafanya nini, kisha kumwacha mtu aje mwenyewe. Si kwamba kujulikana hakusaidii. Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post lilichapisha makala ya Jack Alexander, mwandishi aliyeianza kazi hiyo akiwa na shaka tele. Wanachama walikuwa kama 2,000; mwaka ulipoisha walikuwa takriban 8,000. Leo ushirika uko katika nchi zipatazo 180.

Neno moja kwa wanaouza kreti na katoni, maana nao ni wasomaji wetu. Watu hawa hawaji kukufungia duka. Tanzania ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019, wafanyabiashara wa mpakani walibishana sana. Ushirika kama ushirika hauna msimamo kuhusu sheria hizo. Ukimwona mwanachama akiongea na mteja wako, anaongea na huyo anayetaka kuacha, basi.

Je, inasaidia? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba njia ya AA na tiba zinazomwelekeza mtu huko hufanya vizuri kama tiba nyingine zilizozoeleka, na katika kuacha pombe kabisa mara nyingi huzishinda. Si dawa ya kila mtu. Wako wanaokwazwa na Mungu kutajwa katika Hatua Kumi na Mbili, ingawa kila mmoja huachiwa amwelewe kwa namna yake. Jambo moja lisipuuzwe: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate ghafla akiwa peke yake gesti. Anaweza kupata degedege na kuweweseka, na wengine hufa. Aanzie kwa daktari.

Mama anayeuza vitenge ilhali mume ndiye anayekunywa faida, naye ana mahali pake. Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake, ni ushirika wa ndugu na jamaa wa walevi. Haumsubiri mume akubali kwanza.

Mikutano ya AA ipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na ipo mingine ya kwenye simu kwa anayelala mpakani. Utaratibu ni ule ule kila upande. Pasipoti haiulizwi, na jina la kwanza linatosha.