Mwigizaji Mmoja, Maisha Mazima

Katika tamthilia ya mwigizaji mmoja, hakuna wa kumwokoa mwenzake akisahau maneno. Walimu wa drama shuleni wanaujua ugumu huo. Mfano mzuri ni The Belle of Amherst ya William Luce, iliyofika Broadway, New York, mwaka 1976. Julie Harris aliigiza maisha ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani aliyeandika mashairi karibu 1,800 na kuona machache tu yakichapishwa. Kwa kuwa Dickinson alikuwa mtu wa kujifungia nyumbani, watazamaji walipokelewa kama wageni waliobisha hodi, wakaelezwa hata upishi wa keki yake. Kisha Harris aligeuka akazungumza na baba asiyeonekana, na ukumbi ukapaswa kumwona. Mwaka 1977 alituzwa Tony.